Nani Analipia Jezi?

Wiki ya usajili mwaka huu nilikaa kwenye kimbweta nyuma ya maktaba nikasoma ankara yangu ya malipo mstari kwa mstari. Miaka miwili iliyopita sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa naangalia jumla ya chini tu, naguna, naenda benki. Safari hii nikakuta mstari mmoja mwembamba katikati: mchango wa michezo, shilingi 10,000. Sijawahi kuichezea timu ya chuo hata siku moja. Elfu kumi si hela ya kunilaza njaa mwezi mzima, ingawa ni sahani kadhaa za wali maharage. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeshailipa mara mbili bila kujua.

Sasa, kama mnavyofahamu wanachuo wenzangu, kuna pendekezo mbele ya bunge letu la wanafunzi kuupandisha mchango huo hadi 25,000. Timu zisafiri kwa basi la heshima, jezi ziwe mpya, na apatikane kocha wa kulipwa badala ya huyu wa kujitolea anayekuja akitoka kazini. Kwenye kikao cha kwanza mheshimiwa mmoja alisimama akasema: "Wenzetu Marekani michezo ndiyo inaendesha vyuo. Na sisi tuwekeze, baadaye itajilipa." Ukumbi ukapiga makofi. Hata mimi nilipiga, nisiwe mnafiki.

Usiku ule nikamwandikia rafiki yangu aliyeko huko. Tulikimbia pamoja UMISSETA, mita 3,000. Yeye alikuwa wa pili, mimi nilifika wakati wanakunja kamba. Leo anakimbia mbio za nyika kwenye chuo kidogo katikati ya Marekani, kwa skolashipu inayolipa sehemu ya gharama. Sehemu iliyobaki mjomba wake anahangaika nayo. Nikamwuliza: kaka, hiyo skolashipu yako nani anailipa? Akajibu neno moja, "Chuo." Nikamwuliza, chuo ndiyo nani? Akatuma kikatuni cha kucheka. Hakujua, na kumbe wala hajawahi kuulizwa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Nimesoma kuliko nilivyosomea mtihani wa saikolojia ya elimu, na ninachoandika hapa ni jibu kwa yule mheshimiwa, kwa heshima zote.

Tukubaliane kwanza na sehemu aliyopatia. Vipo vyuo Marekani ambavyo michezo yake ni biashara kubwa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu zaidi ya 100,000, na hao wanakuja kutazama futiboli ya Kimarekani, ule mpira wao wa kubebwa mikononi, ukichezwa na wanafunzi. Televisheni zinalipa mamilioni ya dola kuonyesha mechi hizo. Chuo cha namna hiyo hakihitaji elfu kumi ya mtu. Lakini NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kina wanachama kama 1,100 waliogawanywa katika madaraja matatu. Daraja la Kwanza peke yake lina vyuo zaidi ya 350. Na takwimu za NCAA yenyewe zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba idara za michezo zinazoingiza zaidi ya zinavyotumia ni chache mno, kama dazeni mbili hivi. Dazeni mbili kati ya vyuo 1,100! Tunaowaona kwenye simu zetu ni hao hao. Waliobaki wanaishi kwa njia nyingine, na njia hizo ndizo zinazotuhusu, kwa sababu chuo chetu hakitafanana na Michigan kesho wala keshokutwa.

Njia ya kwanza ni mimi na wewe. Yaani mwanafunzi asiyecheza.

Vyuo vingi vya kati na vidogo vya serikali huko vinamtoza kila mwanafunzi ada ya michezo, awe mchezaji, awe mama wa watoto wawili anayesoma jioni, awe hajui hata uwanja uko upande gani. Mfano unaotajwa sana ni James Madison, chuo cha jimbo la Virginia, ambako kila mwanafunzi analipa zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya michezo. Soma tena hiyo namba. Kwa miaka minne ni zaidi ya dola 8,000. Na Marekani ada za namna hii zinahesabiwa ndani ya gharama za masomo ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kuzikopea. Kwa hiyo mtu anakopa alipie mechi, kisha anailipa mechi ile na riba akiwa na miaka thelathini na watoto shuleni. Sisi wa boom tunalielewa hili bila kuchorewa ubaoni.

Virginia wenyewe walishtuka. Mwaka 2015 jimbo lilipitisha sheria ya kuweka kikomo: fedha za chuo na ada za wanafunzi zisizidi kiasi fulani cha mapato ya idara ya michezo. Vyuo vikubwa vyenye hela ya televisheni vikapewa kikomo cha asilimia 20. Vyuo vingine vinavyocheza futiboli ya ngazi ya juu, asilimia 55. Vinavyocheza futiboli ya ngazi inayofuata, asilimia 70. Vya Daraja la Kwanza visivyo na futiboli kabisa, asilimia 78.

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani nimekosea kuelewa. Hii ni sheria ya kubana matumizi, na bado inaruhusu chuo kidogo kichukue dola 78 katika kila 100 za michezo kutoka kwa wanafunzi na kutoka mfuko wa chuo. Kama kikomo ndicho hicho, hebu fikiria hali ilivyokuwa mpaka ikabidi kiwekwe. Tena angalia mpangilio wake: kadiri chuo kinavyokuwa kidogo, ndivyo mwanafunzi wa kawaida anavyobeba mzigo mkubwa. Mtoto wa chuo tajiri anatazama mpira unaolipiwa na matangazo ya bia, wa chuo cha kawaida anautazama kwa deni lake mwenyewe.

Mtu ataniambia, lakini si wanapiga kura? Wengine wanapiga, kweli. Chuo Kikuu cha Texas kilichopo San Antonio kiliwauliza wanafunzi wake mwaka 2007 kama wanakubali kuongezewa ada ya michezo ili chuo kianzishe futiboli. Wakakubali. Timu ikacheza mechi yake ya kwanza mwaka 2011. Fanyeni hesabu, nyinyi watu wa hisabati: aliyekuwa mwaka wa tatu wakati wa kura alikuwa ameshahitimu zamani timu ilipoingia uwanjani. Na aliyeanza chuo mwaka 2011 aliikuta ada imeshapitishwa na watu asiowajua. Siwalaumu, angalau kulikuwa na swali lililoulizwa waziwazi na jibu lililohesabiwa. Ila kura ya michezo ina tabia hiyo: anayepiga na anayelipa mara nyingi ni watu wawili tofauti.

Njia ya pili inasikitisha zaidi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Chuo kikubwa kinahitaji mechi za nyumbani za kujaza uwanja mwanzoni mwa msimu, kwa hiyo kinamtafuta mdogo, kinampa hela aje, acheze, apigwe, arudi kwao. Hakuna mechi ya marudiano. Ni kama wewe mwenye timu ya mtaa uitwe na klabu kubwa ya Kariakoo, ulipwe, ujue kabisa unaenda kufungwa mbele ya watu, lakini hela ile ndiyo itakayonunua mipira ya mwaka mzima.

Savannah State ni chuo kidogo cha kihistoria cha Wamarekani weusi katika jimbo la Georgia. Mwezi wa tisa mwaka 2012 walikwenda Oklahoma State wakapigwa 84-0. Wiki iliyofuata wakaenda Florida State. Huko matokeo yalikuwa 55-0 wakati mvua na radi zilipokatisha mchezo katika robo ya tatu. Kwa mechi hizo mbili walilipwa jumla ya dola 860,000. Vijana wa miaka kumi na tisa, ishirini, wenye mitihani kama sisi, walisimama uwanjani kugongwa na watu wanaowazidi uzito na nguvu, ili idara ipate hela ambayo tiketi za nyumbani zisingeleta hata kwa miaka. Hakuna aliyewauliza kwa kura. Mwaka 2019 chuo hicho kiliondoka Daraja la Kwanza kikahamia la Pili, na kwa maoni yangu ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu.

Najua mtaniletea Appalachian State. Niwatangulie. Ni kweli, mwaka 2007 walilipwa dola 400,000 waende Michigan, na badala ya kupigwa wakashinda 34-32 mbele ya uwanja mzima. Ni kweli pia kwamba mwaka 2024 Northern Illinois walipokea dola milioni 1.4 kutoka Notre Dame, wakawafunga 16-14, wakaondoka na hela na ushindi. Nimetazama vipande vya mechi zote mbili, na ya 2007 ule mkwaju uliozuiwa sekunde za mwisho nimeurudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mhadhiri wangu. Lakini tunazikumbuka kwa sababu hazitokei. Huwezi kuandika bajeti ukitegemea muujiza, na hata siku ya muujiza kazi ya hela ile ilikuwa ile ile, kuziba pengo.

Njia ya tatu ni ya vyuo vidogo kabisa, vya binafsi, vyenye wanafunzi elfu moja au mbili. Wengi wako Daraja la Tatu, ambako skolashipu za michezo haziruhusiwi. Mwanzoni sikuelewa: bila skolashipu, bila televisheni, bila tiketi, kwa nini chuo chenye wanafunzi 1,000 kiwe na timu ishirini? Jibu ni kwamba mchezaji mwenyewe ndiye mapato. Kijana hakuchaguliwa na vyuo vikubwa, lakini anataka aendelee kucheza miaka minne zaidi. Kocha anamwita, anampa jezi, na kijana analeta ada. Tuseme timu ina vijana 100 na kila mmoja, baada ya punguzo, analipa dola 15,000. Hiyo ni milioni moja na nusu. Toa mshahara wa kocha, basi na vifaa, chuo bado kinabaki na kitu. Kocha wa namna hii kazi yake ya kwanza ni kuandikisha wanafunzi, mpira unafuata.

Adrian College ya Michigan ilifanya hivyo hadharani. Jeffrey Docking alipokuwa mkuu wake mwaka 2005, chuo kilikuwa na wanafunzi chini ya 900. Akaongeza timu, akajenga viwanja, na idadi ikakaribia kuongezeka maradufu. Aliandika hata kitabu kueleza njia hiyo. Kati ya njia zote, hii ndiyo ninayoiona ya haki zaidi, maana anayelipia mchezo ni anayeucheza. Kasoro yake ni kwamba majirani wote wameiga. Vyuo vinane vya mkoa mmoja vikianzisha mieleka na mpira wa magongo ili kuwavuta vijana walewale, hakuna anayeongeza wanafunzi, wanagawana tu wale waliopo kwa gharama kubwa zaidi.

Na kuna siku haitoshi. Birmingham-Southern, chuo cha Alabama kilichoanzishwa mwaka 1856, kilifungwa rasmi tarehe 31 Mei 2024 kwa kukosa fedha. Siku hiyohiyo timu yake ya besiboli ilikuwa Ohio ikianza fainali za kitaifa za Daraja la Tatu. Wachezaji waliingia uwanjani wakiwa na jina la chuo kifuani wakati chuo chenyewe hakipo tena. Sisemi besiboli ndiyo iliyokiua, wala sina ushahidi huo. Nasema timu nzuri haikuweza kukiokoa.

Mambo yanazidi kubana. Mwezi wa sita 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano kwamba vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Pamoja na hayo kuna fidia ya dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, na sehemu yake inakatwa kwenye mgao ambao NCAA inavipa vyuo vyote vya Daraja la Kwanza, vikiwemo vile ambavyo havijawahi kupata faida ya mpira. Wachezaji walistahili, hilo silibishi. Ila mkubwa amefanya karamu, na mdogo analetewa ankara. Mwezi wa tatu mwaka huohuo, hata kabla ya idhini hiyo, Saint Francis ya Pennsylvania ilicheza mashindano makubwa ya kikapu ya taifa, na wiki moja baadaye ikatangaza kwamba inashuka hadi Daraja la Tatu. Hartford walitangaza hivyohivyo mwaka 2021, mwaka uleule walioingia mashindano hayo kwa mara ya kwanza. Yaani mafanikio yenyewe yalikuwa hayawalipi.

Kuna kitu kimoja kinanisuta, na sitakificha. Utaratibu huu ninaousema vibaya umewalea watu wetu. Suleiman Nyambui, aliyetuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, aliichezea Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Na rafiki yangu yuko pale leo. Kama chuo chake ni kama vingine, basi viatu vyake vinalipiwa kwa sehemu na binti anayesomea uuguzi, anayefanya kazi za usiku dukani, na hajawahi kuona mbio za nyika maishani. Nilimwambia hivyo. Alikaa kimya siku mbili, halafu akaandika kwamba amemwomba mwenzake wa chumbani, ambaye hachezi chochote, afungue ankara yake. Wakakuta mstari mmoja: ada ya shughuli za wanafunzi. Ya michezo ni kiasi gani ndani yake? Haikuandikwa. Wakaenda kuuliza ofisini, wakaambiwa waandike barua pepe.

Turudi nyumbani. Sipingi 25,000 kwa sababu ni nyingi. Mimi ni mwalimu mtarajiwa, mwakani huenda nikapangiwa shule yenye uwanja wa vumbi na mpira mmoja, na najua mtoto anayecheza anavyokaa darasani tofauti. Ningelipa hata zaidi kama hela ingejenga kiwanja cha netiboli kinachochezeka, maana dada zetu wanafanyia mazoezi kwenye maegesho ya magari, au kama mtu yeyote angeweza kuingia jioni akakimbia bila kuulizwa yuko timu gani. Lakini pendekezo lilivyoandikwa, ninavyolisoma, sehemu kubwa inakwenda kwenye basi, posho na jezi za wachezaji wasiozidi sabini. Sisi wengine ni maelfu. Na ile ahadi kwamba itajilipa baadaye, mheshimiwa aiondoe kabisa kwenye hoja yake. Kama vyuo mia kadhaa vya Marekani, vyenye viwanja na bendi na wahitimu wanaochangia, haijawalipa, sisi tutamwuzia nani tiketi?

Nimemwandikia waziri wa michezo wa serikali yetu ya wanafunzi maswali matatu. Kwanza, zile elfu kumi tulizolipa mwaka jana zilitumika kwa nini, kwa maandishi, zibandikwe ubaoni pale kantini. Pili, katika hizi 25,000, ni shilingi ngapi zitamfikia mwanafunzi asiye kwenye timu. Tatu, je, mstari utabaki kwenye ankara ukiitwa kwa jina lake, au utamezwa ndani ya "michango mingineyo", kama fununu zinavyosema?

Barua niliipeleka mwenyewe Jumatatu, ikapigwa mhuri. Bunge linakaa Alhamisi saa kumi jioni, ukumbi wa zamani. Mpaka ninapoandika haya sijajibiwa.